Weka kichujio cha spamu ofisini, ila usikipe ruhusa ya kufuta



Kila mwenye simu Tanzania anaijua ile meseji: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Tumeizoea mpaka tunaicheka. Mtu anaisoma, anaifuta, anaendelea kupima mchele wake. Ila meseji hiyo ina kaka yake mkubwa anayekuja kwa imeli ya ofisi, na huyo wengi bado hatumjui. Huyo haandiki "ile hela". Anaandika kwa adabu, anataja namba ya ankara yako, anasema tumebadilisha benki, malipo ya kontena yaende kwenye akaunti hii mpya. Mhasibu analipa. Siku 10 baadaye yule anayekuuzia mzigo kweli anauliza hela yake iko wapi.

Kwa hiyo leo tuongee kuhusu kuchuja spamu, yaani barua taka, kwenye mtandao wa ofisi ndogo kwa kutumia programu huria. Programu huria ni zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu na hulipii leseni.

Msimamo wangu nausema mapema. Weka kichujio, na cha bure kinatosha kwa ofisi nyingi za saizi yetu. Ila usikubali kifute barua hata moja kabla binadamu hajaiona. Na fundi akikuambia "bosi, hii ni bure", muulize hapo hapo: nani atakuwa anakiangalia kila asubuhi?

HASARA NI ZA AINA MBILI

Kichujio kinaweza kukosea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuacha uchafu upite. Hilo unaliona mwenyewe, unakasirika, unampigia fundi.

Njia ya pili ni kuzuia barua nzuri. Hilo hulioni. Tuseme shule inataka bei ya viti 200, mwisho wa kuleta bei ni Ijumaa. Barua yao imeangukia kwenye folda ya spamu. Wewe unaifungua folda hiyo Jumanne inayofuata, au huifungui kabisa. Hakuna atakayekupigia simu kukuambia umepoteza oda. Mteja anaona kimya, anaenda kwa jirani yako, na wewe unabaki unasema biashara mwaka huu imekuwa ngumu.

Kampuni kubwa ikipoteza barua moja ya namna hiyo haitikisiki. Kwetu sisi oda moja inaweza kuwa kodi ya fremu ya miezi sita. Ndiyo maana sikubaliani na fundi anayebana kichujio mpaka mwisho halafu anajisifu, "sasa hivi hupati spamu hata moja." Sawa kaka, na nzuri ngapi zimekwenda pamoja nazo? Kama hana jibu, ameondoa kelele tu. Biashara yako hajailinda.

KINAVYOFANYA KAZI

Huna haja ya kuwa fundi, lakini jua kidogo ili usidanganywe.

Kichujio huria kinachojulikana zaidi ni SpamAssassin. Kilianzishwa na Justin Mason mwaka 2001, na tangu 2004 ni mradi kamili chini ya Apache, taasisi ya Marekani inayosimamia programu huria nyingi. Hakihukumu barua kwa kosa moja. Kinafanya kama mtu wa kaunta anayekagua noti: anaishika, anaiangalia kwenye mwanga, anatafuta ule uzi, halafu anaamua. SpamAssassin inatoa pointi kwa kila dalili. Seva iliyotuma iko kwenye orodha ya watuma taka? Pointi. Jina la mtumaji halilingani na mahali barua ilipotoka? Pointi. Kuna linki ya tovuti yenye sifa mbaya? Pointi. Dalili nzuri nazo zinapunguza. Jumla ikifika 5, ambao ndio mpaka inaokuja nao, barua inawekewa alama kuwa ni spamu.

Kuna kingine kipya zaidi kinaitwa Rspamd, kina kasi zaidi na kinafaa seva yenye barua nyingi. Chenyewe kina ngazi. Kwa mipangilio kinayokuja nayo, barua ikifika pointi 4 mtumaji anaambiwa "rudi baadaye kidogo", ikifika 6 inawekewa alama, ikifika 15 inakataliwa mlangoni. Hiyo ya kuambiwa urudi baadaye inasaidia kwa sababu seva halali huwa inajaribu tena baada ya muda, wakati programu nyingi za kumwaga taka hazirudi.

Halafu kuna sehemu inayojifunza. Mwaka 2002 Paul Graham aliandika makala iliyoeneza wazo la kupima uwezekano wa maneno: neno hili linaonekana sana kwenye barua nzuri au kwenye taka? Vichujio vingi vilichukua wazo hilo. Kwenye SpamAssassin sehemu hiyo haianzi kazi mpaka uwe umeifundisha angalau barua taka 200 na barua nzuri 200.

Hapa ndipo ofisi zetu zinapokosea. Sheria nyingi zinazokuja na kichujio ziliandikwa zikilenga barua za Kiingereza. Kichujio hakijui kwamba "naomba profoma ya mabati geji 28" ni sauti ya mteja mwenye hela. Usipokifundisha kwa barua zako za Kiswahili, kitabaki mgeni siku zote. Kwa hiyo mwambie fundi achukue barua nzuri za miezi michache iliyopita, za Kiswahili na Kiingereza, akifundishe nazo. Na kama amewasha ile sehemu ya kutambua lugha na ameweka Kiingereza peke yake, aongeze Kiswahili, maana vinginevyo barua za wateja wako zinaweza kupewa pointi mbaya kwa kosa la kuandikwa kwa lugha yao.

KABLA HUJATOA HELA, ANGALIA ULICHONACHO

Kuna watu wanauziwa kitu ambacho tayari wanacho. Jipime uko kundi gani.

Kundi la kwanza ni ofisi inayotumia Gmail ya kawaida au huduma ya kulipia ya Google au Microsoft. Wewe usiweke seva ya kuchuja. Wao wanachuja tayari, na kwa watu watatu au wanne hutapata nafuu kwa kujiongezea mtambo wa kuhudumia. Kazi yako ni kufungua folda ya spamu kila siku na kumalizia mambo mengine nitakayoyataja huko chini.

Kundi la pili ndilo kubwa. Una domeini yako, labda ya .co.tz, na imeli zako zinakaa kwenye hosting ya kulipia kwa mwaka, pamoja na tovuti. Hosting nyingi za namna hii zinatumia cPanel, na cPanel inakuja na SpamAssassin ndani yake. Ukiingia utaona sehemu imeandikwa "Spam Filters". Kuna ofisi zimelipa hosting miaka mitano hazijawahi kuifungua. Iwashe. Ruhusu iweke spamu kwenye folda yake. Halafu kuna swichi ya tatu inayosema ifute spamu yenyewe. Hiyo iache imezimwa. Kwa dakika 10 umepata sehemu kubwa ya faida na hujatoa hata mia.

Kundi la tatu ni ofisi yenye watu 10, 20 au zaidi, yenye seva yake ya imeli na fundi anayefika mara kwa mara. Nyie ndio mnaohitaji kichujio kinachosimama mlangoni mwa mtandao, kila barua ipite hapo kabla ya kufika kwenye seva. Unaweza kujenga mwenyewe kwa kuunganisha Postfix, ambayo inapokea na kusafirisha barua, pamoja na SpamAssassin au Rspamd, na ClamAV ya kukamata virusi. Au mnaweza kutumia Proxmox Mail Gateway, ambayo nayo ni huria na imeshaunganisha Postfix, SpamAssassin na ClamAV, na inaendeshwa kwa kubofya kwenye kivinjari. Kwa ofisi ndogo naipendelea hii ya pili. Sababu yangu ni moja tu: fundi wako akihamia Mwanza, fundi mwingine ataielewa. Ile iliyojengwa kwa mkono mara nyingi inaeleweka na aliyeijenga peke yake.

Mashine haihitaji kuwa ya ajabu. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 inaanza kazi, ila ClamAV inapenda RAM kwa hiyo GB 8 inakupa nafasi ya kupumua. Umeme ukikatika usipaniki. Seva zinazotuma barua kwa kawaida zinaendelea kujaribu kwa siku 4 hadi 5 kabla ya kukata tamaa, kwa hiyo barua za usiku wa giza zitafika umeme ukirudi. Tatizo kubwa zaidi ni laini ya intaneti. Kama IP yako inabadilika badilika, usijaribu kutuma barua moja kwa moja kutoka ofisini, maana seva nyingi duniani zitakukataa. Lipia IP ya kudumu, au kodi seva ndogo mtandaoni ikae huko.

MIPANGILIO NINAYOISHAURI

Moja, weka alama au weka karantini, usifute. Barua yenye pointi 5 hadi 10 iende kwenye folda ya spamu. Ile yenye pointi nyingi kabisa, sema 15 kupanda juu, unaweza kuikataa mlangoni, kwa sababu ikikataliwa mtumaji halali anapata taarifa kwamba barua yake haikufika, na atakupigia simu. Ikifutwa kimya kimya hakuna anayejua, si yeye wala wewe.

Mbili, kwenye maneno kuwa mpole, kwenye viambatanisho kuwa mkali. Faili zinazoishia na .exe, .js, .vbs au .iso hazina sababu ya kuja kwa imeli kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Zizuie zote. Faili za Word na Excel zenye makro ziwekwe karantini. Mteja wa kweli anatuma PDF au picha.

Tatu, chagua mtu. Namaanisha mtu mwenye jina. Kila siku ya kazi saa 3 asubuhi anapitia karantini dakika tano, anaachia zilizo nzuri, na kila anapoachia kichujio kinafundishwa. Anayefaa zaidi ni yule anayewajua wateja, mara nyingi dada wa mauzo au wa mapokezi. Fundi hajui kwamba jina fulani la ajabu ni la mteja wa Songea anayenunua kila baada ya miezi mitatu. Dada wa mauzo anajua. Akienda likizo, kazi hiyo ikabidhiwe kwa mtu mwingine kama anavyokabidhi funguo. Na wafanyakazi waambiwe wazi kwamba barua zilizozuiwa zinapitiwa na nani. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata bila sheria ni heshima tu.

Nne, kuwa mwangalifu na orodha ya "hawa wapite". Watu wakichoka na kichujio wanaingiza anwani za wateja wote kwenye orodha hiyo. Shida ni kwamba jina la mtumaji kwenye imeli linaweza kuandikwa na yeyote, kama vile mtu anavyoweza kuandika jina lako nyuma ya bahasha. Tapeli akijua unamwamini nani, anaandika jina hilo na mlango unafunguka. SpamAssassin ina namna ya kuruhusu anwani pale tu inapothibitika barua imetoka kweli kwenye seva za mwenye anwani. Mwambie fundi atumie hiyo.

Tano, zile orodha za watuma taka. Maarufu ni za Spamhaus, na zinaweza kutumika bila malipo kwa matumizi madogo, ila soma masharti yao kwanza. Jambo ambalo mafundi wengi hulisahau: ukiuliza orodha hizo kupitia DNS ya umma kama ile ya 8.8.8.8, Spamhaus hawakujibu inavyotakiwa. Kichujio kinabaki kipofu na hakuna anayegundua. Seva yako iwe na DNS yake ndani, programu kama Unbound inafanya kazi hiyo na yenyewe ni huria.

NA BARUA ZAKO JE?

Tumezungumzia zinazoingia. Sasa geuza kibao: profoma yako wewe ikifika kwa mteja, kichujio chake kinakuonaje?

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanataka kila anayetuma kwao awe na SPF au DKIM, na wanaotuma barua kwa wingi (Google inataja 5,000 kwa siku) wawe na vyote viwili pamoja na DMARC. Usiogope vifupisho. SPF ni tangazo kwenye DNS ya domeini yako linalosema seva zipi zinaruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM ni muhuri unaogongwa kwenye kila barua, mpokeaji akiuangalia anajua haikuchezewa njiani. DMARC ni maelekezo yako kwa dunia: barua ikija kwa jina langu na vipimo hivyo vimeshindikana, ifanyeni nini.

Hivi vyote havina ada. Ni mistari michache kwenye DNS. Anza DMARC kwa hali ya kutazama tu, soma ripoti wiki kadhaa, hakikisha barua zako zote halali zinapita, halafu ndiyo kaza. Faida yake ni mbili kwa mpigo. Profoma zako zinaacha kuangukia kwenye spamu za wateja, na tapeli anapata shida kumwandikia mteja wako kwa domeini yako akimwambia umebadilisha benki.

Mimi naona hii ingekuwa ya kwanza kabla hata ya kichujio. Tunalalamika kuhusu taka za wengine wakati barua zetu wenyewe zinatoka bila muhuri.

KICHUJIO HAKITAKULINDA NA HILI

Turudi kwa yule wa akaunti mpya ya benki. Kuna nyakati anakuja kwa anwani ya kuigiza, herufi moja imebadilishwa, na kichujio kinaweza kumkamata. Lakini kuna nyakati ameshaingia kwenye imeli ya yule anayekuuzia mzigo kule Guangzhou au Dubai. Amepata nywila, amekaa kimya wiki mbili anasoma mazungumzo yenu, halafu siku ya malipo anajibu kutoka kwenye anwani ya kweli, ndani ya mazungumzo yale yale. SPF inapita. DKIM inapita. Haina linki mbaya wala virusi. Kichujio chochote, cha bure au cha mamilioni, kinaweza kuiona barua hiyo ni safi kabisa.

Utapeli huu si mdogo. Ripoti ya FBI ya mwaka 2023 ilihesabu hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9 kwa malalamiko waliyopokea ya utapeli wa imeli za biashara, na hao ni waliolalamika tu.

Dawa yake haihusiani na kompyuta. Ni sheria moja ya ofisi: mabadiliko yoyote ya akaunti ya malipo yanathibitishwa kwa simu, kwa namba ya zamani mliyokuwa nayo, kamwe si ile iliyoandikwa kwenye hiyo barua. Anayeidhinisha malipo asiwe mtu mmoja. Na hata bosi mwenyewe akiandika "lipa haraka niko kwenye kikao", mhasibu awe na haki ya kumpigia, na asigombezwe kwa kupiga. Hapo kwenye kugombezwa ndipo hela nyingi zinapotea. Mhasibu anayeogopa kumuuliza bosi atalipa tu.

"BURE" INA GHARAMA YAKE

Leseni ni bure. Uangalizi si bure. Nitakupa mfano wa kweli.

Tarehe 1 Januari 2010 watu waliokuwa wakitumia SpamAssassin waliamka na barua nzuri zimejaa kwenye spamu. Kulikuwa na sheria ya zamani iliyosema barua yenye tarehe ya mbali sana mbele ni ya kutilia shaka, na "mbali sana" ilihesabiwa kuanzia mwaka 2010. Mwaka ulipofika, kila barua ya siku hiyo ikaonekana imetoka siku zijazo, ikabebeshwa pointi 2 hadi 3 na ushee bure. Marekebisho yalitolewa haraka. Waliokuwa wanasasisha sheria zao walipona, na wale ambao fundi alifunga akaondoka waliendelea kupoteza barua.

Mfano wa karibu zaidi: orodha ya SORBS, iliyotumika miaka mingi kutambua seva za taka, ilifungwa Juni 2024. Kama kichujio chako bado kinaiuliza, kinauliza mlango wa nyumba iliyohamwa. Vitu hivi vinabadilika, na lazima awepo anayefuatilia.

Kwa hiyo unapoongea na fundi, usiulize bei ya kufunga peke yake. Uliza haya:

Sheria za kichujio zitakuwa zinasasishwa zenyewe kila siku, au mpaka uje?

Nikitaka kuachia barua iliyozuiwa, nafanyaje mimi mwenyewe bila kukupigia?

Nywila za seva na za domeini zinakaa kwa nani? Jibu liwe moja: kwako mwenye biashara, zimeandikwa, zimefungiwa mahali. Na domeini isajiliwe kwa jina la biashara yako. Kuna watu wamegombana na fundi wakajikuta hawana imeli wala tovuti.

Seva ikifa leo, mipangilio ina nakala wapi?

Na kabla ya kulipa salio, omba jaribio mbele yako. Kuna maandishi maalumu ya majaribio yanaitwa GTUBE. Ukiyaweka ndani ya barua na kuituma kutoka nje, SpamAssassin inaipa pointi 1,000, kwa hiyo lazima izuiwe. Kisha tuma barua ya kawaida ya Kiswahili kutoka Gmail, uombe bei ya kitu unachouza. Ya kwanza izuiwe, ya pili ifike. Fundi mzuri atafurahi umeuliza.

KUNA WATAKAOSEMA...

"Si nihamie tu Google au Microsoft nilipe kwa mwezi, nilale usingizi?" Kwa ofisi ya watu wanne isiyo na fundi, nakubali, fanya hivyo. Piga hesabu vizuri lakini. Unalipa kwa kila mtu, kila mwezi, kwa dola, na dola tunaijua ilivyo. Ofisi ya watu 20 yenye fundi wa kuaminika inaweza kupata nafuu kwa kichujio huria, na barua zake zinabaki chini ya mamlaka yake. Hata hivyo, asiye na fundi asijidanganye. Kichujio kisichoangaliwa ni hatari kuliko kukosa kichujio, kwa sababu kinakupa amani ya uongo huku kinameza oda zako.

Upande wa pili kuna wanaosema, "Mimi wateja wangu wote wako WhatsApp, imeli ya nini?" Sawa kwa leo. Ila siku utakapotaka kuuzia shule, hospitali, mgodi au serikali, watakuomba imeli ya kampuni. Ni bora siku hiyo ikukute umejipanga.

WIKI HII FANYA HAYA

Leo, fungua folda ya spamu ya ofisi, soma barua za siku 30 zilizopita. Ukikuta hata mteja mmoja humo, umeelewa makala yote hii.

Kesho, ingia kwenye hosting yako, washa SpamAssassin kama haijawashwa, hakikisha kufuta kwenyewe kumezimwa.

Keshokutwa, mwite fundi aweke SPF, DKIM na DMARC.

Ijumaa, kaa na mhasibu na dada wa mauzo dakika 15. Mmoja apewe kazi ya karantini kila asubuhi. Mwingine apewe sheria ya simu kabla ya kubadilisha akaunti yoyote ya malipo, na mwambie mbele ya wote kwamba akichelewesha malipo kwa kuthibitisha, hakuna atakayemkasirikia.

Kama una mawazo tofauti, hasa nyie mafundi wa mitandao mliopo hapa, andikeni hapo chini tujadiliane. Na ukikuta oda iliyokuwa imelala kwenye spamu, tuambie ilikuwa ya nini, wengine wapate moyo wa kufungua za kwao.